UZI: Wikiendi Brugge na mzee wangu, mji wa mifereji usioufaidi ukienda na kurudi siku hiyohiyo

BintiPangani (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Kuna mtu kwenye uzi wa safari aliniuliza Brugge ikoje, nikamjibu kwa mistari miwili, akalalamika nimembania. Haya, nafungua uzi kamili, msije mkasema tena.

Mzee wangu, yaani mume wangu, alikuwa na mafunzo ya kikazi Brussels mwishoni mwa Septemba. Mimi nikachanga nauli yangu nikamfuata. Alipomaliza Ijumaa tukaingia kituo cha Midi, tukakata tiketi palepale, saa nzima hivi tupo Brugge. Treni za ndani ya Ubelgiji hazina mambo ya kuwekeana viti, wala bei haipandi kwa sababu umechelewa kununua. Unapanda, unakaa.

Niseme la muhimu mapema, maana najua wengi mnasoma posti ya kwanza tu: kama mpango wako ni kwenda asubuhi na kurudi Brussels jioni, bora ubaki Brussels. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka kama saa kumi na moja jioni mji ule haufai. Mabasi yanamwaga watu. Meli kubwa za watalii zinatia nanga Zeebrugge, kilomita kumi na kitu tu kutoka hapo, na abiria wao wanaletwa kwenye vichochoro vilevile unavyotaka kupita wewe. Ndani ya mji wa kale wanaishi watu kama 20,000, na wageni wa mwaka ni mamilioni. Fikiria mwenyewe msongamano wake.

Ila wale wote wana saa ya kurudi. Ikifika saa kumi na mbili jioni mabasi yameshaondoka, wenye maduka ya chokoleti wanashusha milango, mnabaki nyinyi, bata maji, na wenyeji wanaorudi kazini kwa baiskeli. Sisi Ijumaa usiku tulizunguka mpaka karibu saa tano. Pale Rozenhoedkaai, ambapo mchana watu wanapanga foleni kupiga picha, palikuwa na sisi na kijana mmoja anayevuta sigara. Mifereji mingine kule haina njia ya miguu pembeni, ukuta wa nyumba unaingia majini moja kwa moja, kwa hiyo taa ya dirishani unaiona mara mbili, juu na chini. Mzee wangu si mtu wa maneno, akasema "hapa pazuri". Anayemjua ataelewa uzito wa kauli hiyo.

Naendelea, msikimbie.

KijanaWaKeko

Nimevuta kiti, nimekaa mbele kabisa. Picha dada, picha! Uzi wa safari bila picha ni chai.

NyotaYaMalindi

Sawa lakini si hiyo ni Venice ya kaskazini? Nimesikia wakiita hivyo.

BintiPangani

KijanaWaKeko, picha zangu nyingi zina sura ya mzee na yeye hataki mtandao. Nitaweka za maji na matofali.

NyotaYaMalindi, hilo jina wanalipa kila mji wenye mifereji miwili na daraja. Amsterdam inaitwa hivyo, Stockholm pia. Venice iko juu ya visiwa ndani ya wangwa wa bahari, na huko maji ndiyo barabara. Brugge iko bara, barabara zake ni za mawe na magari yanapita. Mifereji yake asili yake ni mto mdogo, Reie, waliouchimba na kuuelekeza ili mizigo iingie mpaka katikati ya soko. Na bahari yenyewe ilisogea kwa ajali: mwaka 1134 dhoruba kubwa ilipasua pwani ikafungua hori refu waliloliita Zwin. Hori likafika karibu na mahali panapoitwa Damme, wakachimba mfereji wa kuunganisha, na mji wa bara ukawa bandari.

Hapo ndipo utajiri ulipoanza. Sufu kutoka Uingereza inashuka, inafumwa nguo, nguo zinauzwa Ulaya nzima. Mwaka 1277 jahazi la kwanza la Wagenoa kutoka Italia likaingia. Wajerumani wa umoja wa Hansa nao wakaweka ofisi. Kwa miaka kama mia mbili huwezi kutaja biashara ya kaskazini mwa Ulaya bila kutaja Brugge.

Halafu Zwin ikajaa tope. Ndiyo basi.

KijanaWaKeko

Ikajaa tope tu wakaacha? Si wangechimba?

BintiPangani

Walichimba, wakachimba tena. Mchanga unaletwa na maji ya kujaa, hauishi. Ila tope peke yake halikuwaua, siasa ilisaidia. Mwaka 1482 mtawala wao, Maria wa Burgundy, alianguka na farasi akafa akiwa kijana. Mumewe Maximilian, Mwaustria, akataka kutawala kwa niaba ya mtoto. Watu wa Brugge wakagoma. Mwaka 1488 wakamkamata wakamfungia kwenye nyumba iliyo pale uwanja mkuu, Markt. Jengo la mahali hapo linaitwa Craenenburg, leo ni mkahawa, unaweza kunywa kahawa ukitafakari. Mtu wake wa karibu, Pieter Lanchals, wakamkata kichwa.

Maximilian alipotoka hakusahau. Akawahimiza wafanyabiashara wa nje wahamie Antwerp, ambako meli zinafika bila taabu. Wakahama. Tope upande mmoja, kinyongo cha mkubwa upande wa pili, hamna mji unaostahimili hapo.

Kuna hekaya kwamba Maximilian aliwaadhibu kufuga bata maji milele, kwa kuwa nembo ya ukoo wa Lanchals ilikuwa na bata maji. Hekaya hiyo chukueni kama hekaya. Bata maji wenyewe wapo, wengi, na wana kiburi.

MchambuziHuru

Naomba niharibu sherehe kidogo. Nimesoma Gent, nusu saa kutoka hapo kwa treni, na Brugge nimeenda zaidi ya nilivyotaka kwa sababu kila mgeni aliyekuja kunitembelea alitaka kupelekwa huko. Ule mji una mchongo mwingi. Lile jengo la mkoa pale Markt ambalo kila mtalii anadhani ni la enzi za mashujaa wenye ngao, ujenzi wake ulianza 1887. Kile kidaraja cha mawe nyuma ya Kanisa la Mama Yetu, Bonifaciusbrug, wapenzi wote wanakumbatiana hapo wakidhani mababu walikumbatiana hapohapo, ni cha 1910! Nyumba nyingi zilitengenezwa upya karne ya 19 kwa mtindo wa Kigothiki ili zionekane za kale kuliko zilivyokuwa. Gent ina historia ileile, ina wanafunzi, ina maisha. Brugge ni makumbusho yenye hoteli.

ShangaziUpanga

Tumeanza 😂 wajuzi wameingia.

BintiPangani

MchambuziHuru, la daraja ni kweli na mimi nilishangaa, maana lina sura ya kuzeeka kuliko wote. Ila umekaza mno kamba upande mmoja. Mitaa yenyewe, jinsi inavyojikunja kufuata maji, ni ile ya zamani. Mnara wa kengele, Belfort, umejengwa kwa vipande kuanzia karne ya 13 mpaka ya 15. Ulikuwa na kilele cha mbao, kikaungua kwa radi 1493, wakajenga, kikaungua tena 1741, wakachoka. Ndiyo maana leo juu umekatika bapa. Mtu wa mchongo angeweka kilele kipya chapchap apige picha.

Halafu jiulize kwa nini yalibaki majengo ya kutosha kukarabatiwa. Karne ya 19 Brugge ilikuwa moja ya miji maskini kabisa Ubelgiji. Wanawake walikuwa wanafuma lesi majumbani kwa ujira wa kudhalilisha. Miji mingine ilikuwa inabomoa ya kale inajenga viwanda, wao hawakuwa na hela ya kubomoa. Wale Waingereza waliokuwa wanakuja kutazama uwanja wa vita wa Waterloo baada ya 1815 ndio walioanza kupita Brugge na kushangaa: kumbe kuna mji mzima umelala hapa! Leo tunalipa kuingia kuangalia umaskini wa watu uliong'arishwa. Hilo halinifanyi nisiipende, ila nilitembea nikiwa nalijua, na mji ukawa na maana zaidi kuliko "oh romantic".

MchambuziHuru

Hapo kwenye umaskini umenipata. Ila Gent bado ni bora.

BintiPangani

Fungua uzi wako wa Gent tuje tukusumbue na sisi.

MamaSalhaZnz

Dada hongera kwa kuandika vizuri. Sisi wa halali tunakula nini huko? Mume wangu anataka kunipeleka mwakani In shaa Allah, na mimi nasikia kila kitu bia na nguruwe.

BintiPangani

MamaSalhaZnz, na sisi tulikuwa na shida hiyohiyo, kwa hiyo nakujibu kwa uzoefu.

Chipsi: zile za Markt, vibanda viwili vya kijani chini ya mnara, zinanukia mpaka unalia. Lakini ujue chipsi za Kibelgiji kwa desturi zinakaangwa mara mbili, tena kwa mafuta ya ng'ombe, na huyo ng'ombe hakuchinjwa kwa taratibu zetu. Uliza kabla ya kununua kama ni mafuta ya mimea, wengine wanatumia hayo, watakwambia bila kukasirika. Tulimpata mmoja mtaa wa pembeni, tukala tumesimama.

Samaki ndiyo kimbilio. Na kome, wanawapika kwenye sufuria nyeusi na seleri na kitunguu, sufuria inaletwa hivyohivyo mezani. Tahadhari, sehemu nyingi wanamwaga mvinyo mweupe humo. Sema mapema. Sisi tulisema, wakapika bila, ikaletwa tamu tu.

Chokoleti: baadhi zina pombe ndani, zinaandikwa, lakini kwa Kiholanzi. Muulize muuzaji akuchagulie. Na usinunue zile za masanduku yaliyopangwa karibu na Markt zenye bei ya kutupa. Ingia duka ambalo wanatengeneza wenyewe, nunua vipande vichache vya gramu 100, kaa kwenye benchi.

MamaSalhaZnz

Jazakallah kheir. Na shemeji kome kala?

BintiPangani

Kala sufuria mbili huyo. Mtu wa Mafia utamwambia nini kuhusu vitu vya baharini.

WaKawangware

Sasa hapo kwa pesa tuambie ukweli. Hiyo wikiendi iliwameza kiasi gani? Mimi na bibi yangu tuko Ujerumani, tunaweza shuka na basi.

BintiPangani

Wa Kenya mnapenda mahesabu, na mko sahihi. Ya kwetu ilikuwa hivi. Treni kutoka Brussels ilitutoka kama euro 16 kila mtu, kwenda tu. Chumba cha watu wawili kama euro 140 kwa usiku, chai ya asubuhi ndani, na kodi ya mji juu yake kwa kila kichwa kwa kila usiku, hiyo wanaidai mezani unapoondoka. Kupanda Belfort karibu euro 15. Boti ya mfereji ni euro kumi na kitu, nusu saa. Sehemu ya makumbusho ya Kanisa la Mama Yetu unalipia pia, kanisa lenyewe bure.

Ambavyo havina bei: kutembea. Mji wa kale una umbo kama la yai, unauzunguka kwa miguu wote. Kingo za mashariki, Kruisvest, kuna vinu vya upepo vimesimama juu ya tuta, kimojawapo, Sint-Janshuismolen, cha mwaka 1770. Huko watalii hawafiki, wanaishia katikati. Jumamosi saa sita mchana, mji ulipofurika, sisi tulikimbilia huko tukalala kwenye nyasi.

Bure nyingine ni nyumba wanazoita godshuizen. Hizi ni nyumba ndogo nyeupe, matajiri na vyama vya mafundi walizijenga tangu karne za kati kuwahifadhi wajane na wazee wasio na uwezo. Zipo makundi zaidi ya 40 na mpaka leo nyingi wanaishi wazee kwa kodi nafuu. Unasukuma geti dogo unajikuta kwenye bustani, maua, kamba ya nguo, bibi anakuangalia dirishani. Ukiingia nyamaza, ni nyumbani kwa watu. Kwangu mimi hizo zilishinda makanisa yote.

WaKawangware

Asante sana dada, hapo nimeshika. Bibi akisoma hiyo ya godshuizen tayari tumeenda.

KijanaWaKeko

Boti vipi, inafaa au ni kupoteza hela?

BintiPangani

Inafaa kwa sharti moja: panda ile ya kwanza asubuhi, saa nne, kabla foleni haijajikunja. Boti zote zinapita njia ileile. Nahodha wetu alieleza kila kitu kwa lugha nne, na utani uleule kwa kila lugha, wa mwisho kucheka tulikuwa sisi. Kutoka majini unaona migongo ya nyumba, vyoo vya zamani vilivyotokeza juu ya maji, bustani zisizoonekana barabarani. Chini ya madaraja mengine unainamisha kichwa kweli, sio maigizo.

ProfesaWaMtaa

Michelangelo mmemwona? Au mlikula kome tu?

BintiPangani

Tulimwona mkuu, na hapo nina mengi.

Ni sanamu ya marumaru ya Maria na mtoto, iko Kanisa la Mama Yetu, Michelangelo aliichonga miaka ya mwanzo ya 1500 akiwa kijana. Wafanyabiashara wa nguo wa Brugge, ukoo wa Mouscron, waliinunua wakaileta kwao. Ni ndogo kuliko nilivyofikiri. Mtoto hajapakatwa, amesimama katikati ya magoti ya mama, mguu mmoja kama unashuka ngazi, anaondoka. Mama hamtazami. Macho yake yako chini pembeni, mkono umemshika mtoto kwa vidole tu. Mimi nina mtoto aliyeenda bweni mwaka huu, sitasema zaidi.

Imeibwa mara mbili. Mara ya kwanza 1794 na Wafaransa wa mapinduzi, wakairudisha Napoleon alipoanguka. Mara ya pili 1944, Wajerumani walipokuwa wanakimbia majeshi yaliyokuwa yanakuja, waliifungia kwenye magodoro wakaipakia lori la Msalaba Mwekundu. Ilikutwa mwaka uliofuata ndani ya mgodi wa chumvi Altaussee, Austria. Sasa iko nyuma ya kioo, mbali kidogo. Nendeni mapema.

Kanisa hilohilo lina mnara wa matofali wa mita 115, na ndani kuna kaburi la yule Maria wa Burgundy wa farasi. Ng'ambo ya barabara ni Sint-Janshospitaal, hospitali iliyoanza karne ya 12, sasa makumbusho yenye kazi za mchoraji Hans Memling. Na makumbusho ya Groeningemuseum kuna picha za Jan van Eyck, mchoraji aliyeishi na kufia Brugge 1441. Ile picha yake ya 1436 ya kasisi mzee van der Paele, mishipa ya usoni unaihesabu, miwani yake mkononi. Hapo mzee wangu alisimama muda mrefu kuliko mimi.

MzeeMwenyewe

Mimi ndiye huyo mzee. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu, maana naona nasemwa.

Marekebisho mawili. Kome ilikuwa sufuria moja na nusu, nyingine alimalizia yeye. Pili, hajawaambia Belfort ina ngazi 366, ngazi za mwisho ni finyu, anayepanda na anayeshuka wanapishana kwa kushikana mabega. Yeye alipanda. Mimi nilibaki uani nasikiliza kengele. Ziko 47, na kuna mtu mwajiriwa anayezipiga kwa mikono na miguu kama kinanda. Siku ile alipiga muda mrefu, nilikaa kwenye benchi mpaka mwisho. Nina goti, si uvivu.

ShangaziUpanga

Shemeji karibuuu 😂😂 goti ndiyo limekuwa na lawama zote.

KijanaWaKeko

Uzi umenoga sasa. Shemeji, bomba la bia ni kweli au stori?

MzeeMwenyewe

Kweli. Kiwanda cha De Halve Maan kiko katikati ya mji wa kale, kujaza chupa wanajaza nje ya mji. Malori yalikuwa yanasumbua vichochoro. Mwaka 2016 wakalaza bomba chini ya ardhi, kilomita 3.2. Sehemu ya fedha walichangisha kwa watu, na waliochangia wakaahidiwa bia, wengine ya maisha. Sinywi, lakini kama fundi bomba la namna hiyo ningelipa kiingilio kuliona. Halionekani, limefukiwa.

MwanaKasongo

Ndugu zangu, salamu. Miye ni mtu wa Maniema, Congo, naishi Brussels tangu zamani. Nimesoma uzi wote, umeandikwa muzuri. Niongeze mambo mawili.

Ya kwanza, lugha. Brugge ni kwa Waflamandi, Wabelgiji wanaosema Kiholanzi. Wengi wetu toka Congo, Burundi, Rwanda tunaingia na Kifaransa cha Brussels. Pale wengi watakujibu kwa Kiingereza. Usikasirike, ni ugomvi wao wa zamani, si wewe. Pale Markt ile sanamu ya wanaume wawili ni Jan Breydel na Pieter de Coninck, viongozi wa mwaka 1302 watu wa Brugge walipowaua askari wa mfalme wa Ufaransa alfajiri, na kwa Julai wakashinda jeshi lake Kortrijk. Sanamu ni ya 1887. Wanaikumbuka bado.

Ya pili, hii ndiyo kubwa kwangu. Toka Brugge panda treni ya Blankenberge, ni robo saa, ni baharini. Pale kwenye barabara ya ufuko kuna sanamu ya watu wawili, Lippens na De Bruyne. Luteni na sajenti wa Léopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Congo. De Bruyne ni mtoto wa Blankenberge. Unajua walifia wapi? Kasongo, kwetu. Walikuwa kwa Sefu bin Hamed, mtoto wa Tippu Tip. Vita ya Waswahili na watu wa Léopold ilipowaka 1892, wakawa mateka, mwezi wa Desemba wakauawa. Aprili 1893 Dhanis, kamanda wa Léopold, akaiteka Kasongo na jeshi lake. Kwenye mji ule mdogo wa watalii, watoto wanakula aiskrimu chini ya jina la vita ya nyumbani kwangu. Mara ya kwanza nilipoiona nilisoma maandishi mara mbili. Wawili wamewekewa sanamu. Wale maelfu wa kila upande, waliobeba mizigo, waliochomewa vijiji, na waliouzwa na kina Sefu pia, hawana hata kibao.

BintiPangani

MwanaKasongo, nimesoma hii nikamwita mzee aje asome. Tulikuwa robo saa kutoka hapo na hakuna kitabu cha mtalii kilichotutajia. Asante sana kaka.

MamaSalhaZnz

Subhanallah. Nyumba ya Tippu Tip si ipo huku kwetu Mji Mkongwe, tunaipita kila siku. Alikuwa amesharudi Unguja vita ilipopiga, akafa hapahapa 1905. Sikujua habari ya mwanawe imefika mpaka ufuko wa Wabelgiji.

ProfesaWaMtaa

Na tusimpambe Sefu kwa sababu anasema Kiswahili. Biashara yao ilikuwa pembe na watu. Ila Léopold kuja kujiita mkombozi wa watumwa na ule ukatili wa kuvunisha watu utomvu wa mpira uliofuata, hiyo nayo ni kejeli ya karne.

MwanaKasongo

Kabisa Profesa. Sitetei yeyote. Nasema tu, nendeni muione, msome na majina ambayo hayapo.

MchambuziHuru

Miaka yangu yote Gent sikuwahi kuisikia hii. Jumapili hii naenda Blankenberge.

NyotaYaMalindi

Narudi kwenye mapenzi jamani, mmetupeleka vitani. Kuna sehemu ya wawili? Nasikia ziwa la mapenzi.

BintiPangani

Minnewater. Lipo, unalipita ukitoka kituo cha treni kwa miguu, na ndiyo njia ninayoshauri kuingilia mjini badala ya basi: kituo, Minnewater, halafu Begijnhof. Masanduku ya magurudumu yatalia kwenye mawe, vumilieni, au chukueni begi la mgongoni. Ziwa lenyewe ni bwawa zuri lenye miti, mchana limejaa watu na vijiti vya kujipigia picha.

Begijnhof ndiyo ilinishika. Ilianzishwa 1245 kwa ajili ya wanawake walioishi maisha ya dini bila kuwa watawa wa nadhiri za milele. Walifanya kazi zao, walikuwa na mali zao, na waliotaka kuondoka kwenda kuolewa waliondoka. Kwa karne ya 13 hiyo ni habari kubwa. Nyumba nyeupe zimezunguka uwanja wenye miti mirefu iliyoinama. Tangu 1927 wanaishi masista wa Kibenediktini. Geti linafungwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Tuliingia Jumapili asubuhi na mapema, sista mmoja anafagia majani. Kama unataka kumwambia mwenzako kitu cha maana, kiseme hapo, si ziwani.

NyotaYaMalindi

Nimenakili. Swali la mwisho, mwezi gani na viza inakuwaje?

BintiPangani

Boti zinaanza Machi mpaka katikati ya Novemba. Desemba kuna soko la Krismasi, watu tele na bei za hoteli zinapaa. Julai na Agosti sikushauri. Mwisho wa Septemba kulikuwa na baridi ya sweta moja na mvua za dakika kumi kumi. Mei nayo nasikia sifa, ila angalia Sikukuu ya Kupaa Bwana, siku hiyo wanatembeza chupa ya kioo ambamo wanaamini kuna damu ya Yesu, maandamano makubwa, yako kwenye orodha ya UNESCO. Ukitaka kuyaona weka chumba mapema mno, usipotaka kwepa wiki hiyo.

Viza ni Schengen, euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, wakikunyima hairudi. Kama nchi utakayolala siku nyingi ni Ubelgiji, omba Ubelgiji, usiombe nchi rahisi halafu ukaenda kwingine. Kwa kawaida maombi yanashughulikiwa ndani ya siku 15, ila miadi ya kupeleka karatasi ndiyo inayochelewesha, kwa hiyo anza miezi mitatu kabla. Taarifa ya benki isiwe na hela iliyoingia jana.

WaKawangware

Sisi tuna kibali cha Ujerumani, hiyo imetupita. Blankenberge na Brugge kwa wikiendi moja itatosha?

MwanaKasongo

Itatosha. Jumamosi mchana watalii wakijaa Brugge, nyinyi muwe Blankenberge, murudi jioni. Ukifika Brussels unitumie ujumbe hapa, Matonge, mtaa wa Wakongo, kuna sombe (kisamvu) nzuri.